Mheshimiwa Yuko Njiani

Mama Safi alikata roho alfajiri, adhana haijaisha, na kufika saa mbili asubuhi chama kilikuwa kimekwisha kuleta viti. Vilikuwa viti mia vya plastiki, mgongoni vimeandikwa herufi za chama, na chini ya herufi hizo, ukiinama kidogo, unaziona zile za zamani zilizofunikwa kwa rangi. Tangu mwaka 2006 chama hiki kimebadili jina mara tatu. Watu wake hawajabadilika, na viti navyo ni vilevile.

Sitaki kusema vibaya juu ya viti. Kilio bila viti ni aibu, na Mzee Djafari, mume wa marehemu, hakuwa na zaidi ya viti vinne na mkeka. Lakini sisi Waislamu wa Kasongo, huku Kongo, kuzika tunakujua tangu enzi za babu za babu zetu. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri anaswaliwa, na kabla chungu cha mchana hakijaepuliwa amekwisha kulala kaburini. Maiti haingoji. Hata mtoto wa madrasa analijua hilo.

Kwa hiyo Mzee Djafari alishangaa mwanawe Iliasi alipomfuata nyuma ya nyumba, mzee akiwa anatawadha.

"Baba, Shehe alisema tutazika saa ngapi?"

"Kisha adhuhuri."

"Tusogeze kidogo. Kisha alasiri itakuwa muzuri."

"Sababu gani?"

Iliasi alitazama chini. "Onorable iko njiani. Alilala Kabambare. Saa nane atakuwa hapa." Onorable ndivyo tunavyomwita Mheshimiwa, mbunge wetu.

Mzee aliweka birika chini. Alikuwa na miaka sabini na mbili, goti lake la kushoto halikunjiki vizuri, na tangu alfajiri hakuwa amelia, kwa sababu kila alipotaka kulia mtu alikuja kumuuliza kitu.

"Nani alimuambia kama mama yako alikufa?"

"Mimi. Nilimupigia simu saa kumi na mbili. Baba, alilia. Nilimusikia analia."

"Na mjomba wako Ayoubu ulimupigia saa ngapi?"

Mjomba Ayoubu, kaka wa pekee wa marehemu, anakaa ng'ambo ya soko, na habari ya kifo cha dada yake aliipata kwa muuza mikate.

"Nilishamuambia Onorable tutamungoja," Iliasi akasema kwa sauti ndogo.

Msimhukumu haraka. Iliasi si mtoto mbaya. Kwa miaka saba amefanya kazi katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Kila asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, anakwenda kupanga karatasi na kugonga mihuri, na mwisho wa mwezi anarudi mikono mitupu, maana jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa. Bila matrikili, namba ya mtumishi, serikali haikujui, hata ukiifagilia mlango. Mheshimiwa amekwisha kuichukua dosie yake, faili la kuombea namba hiyo, mara mbili, kila kampeni mara moja. Dosie ya pili Mama Safi mwenyewe ndiye aliyeitia kwenye bahasha, akaipeleka kwa mikono miwili.

Mzee Djafari aliyajua yote hayo. Alimtazama kijana wake, kola imeisha, ndevu zimeanza kuonyesha mvi mbili tatu, akamwonea huruma siku ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyestahili kuonewa.

"Basi, kisha alasiri," akasema. "Lakini si zaidi."

*

Kwa miaka kumi na saba Mama Safi alikuwa mkuu wa akina mama wa chama. Yeye ndiye aliyejua nyimbo, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu na kwa Wakristo, kusema nani apigiwe kura. Kama kuna mama katika mtaa wetu aliyempigia Mheshimiwa kura bila kusukumwa na Mama Safi, mimi simjui. Na uchaguzi wa tarehe ishirini sasa ulikuwa umebakiza siku tano. Mheshimiwa alikuwa anaomba manda ya nne, kipindi cha nne bungeni.

Saa nne akaja Bwana Marcellin, prezida wa chama mjini, amevaa miwani myeusi ya msiba. Ni mtu wa adabu, anasali kanisani kila Jumapili, na kila neno lake huanza na pole. Alikuwa amekunja bendera ya chama kwapani.

"Shehe," akamwambia Shehe Amisi, "pole sana. Tuliwaza hii iwekwe juu ya jeneza. Ni heshima."

"Maiti ya Muislamu haifunikwe bendera, Prezida. Hata ya inchi yetu."

"Pole. Basi tutaiweka ku ukuta."

Wakaitundika ukutani, nyuma ya viti, juu kidogo ya dirisha la chumba alimolazwa marehemu. Shehe Amisi aliangalia, akavuta ndevu, akamgeukia Mzee Djafari.

"Muzee, mimi nitangoja mpaka alasiri sababu umeniomba wewe. Lakini unajua vile tulifundishwa. Kama mutu alikuwa mwema, haraka ni kwa faida yake. Safi alikuwa mwema. Sasa ni nani tunamucheleweshea?"

Mzee akasema, "Ninajua, Shehe."

Ndani, Chadia, binti mkubwa, alikuwa amekwisha kumwosha mama yake pamoja na shangazi zake. Sanda imefungwa, kafuri imetiwa, udi unafuka. Alitoka kwenye kizingiti, akawakuta akina mama wa chama wameketi barazani na nguo zao za kila siku.

"Poleni na kungoja," akawaambia. "Lakini mbona hata mumoja hakuvaa kikwembe cha chama? Mama angefurahi."

Wakatazamana. Mmoja akasema kwa haya, "Prezida alituambia ngoja. Vipya biko mu gari ya Onorable."

Chadia alisimama pale mlangoni, mikono bado inanuka kafuri, hasira zimempanda. Mama yake amelala ndani, na hawa nao wanangojea kitambaa. Akataka kusema neno, Mama Régina akamvuta mkono akamketisha.

Mama Régina ni Mkristo, mkulima wa mpunga, rafiki ya Safi tangu ujana. Waliingia chama siku moja. "Acha, mutoto wangu," akasema. "Mimi nilipata vikwembe vitatu. Cha kwanza kinapangusa sahani, cha pili nilifungia kuku jeraha. Cha tatu kiko muzuri, ni mimi niko nazeeka. Hata mama yako alisema hivi wiki ilipita, tukacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza, sasa Safi, tarehe ishirini tufanye namna gani? Akasema, ngoja kwanza nipone."

"Hakusema nani?"

"Hakusema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nimuulize kura akose jibu."

*

Adhuhuri ilipita, wanaume wakaswali, wakarudi kwenye viti. Jua lilikuwa kali la kabla ya mvua, lile linalochoma hata kivulini. Saa nane, ile saa ya Mheshimiwa, ikaja ikapita.

Saa nane na nusu simu ya Bwana Marcellin ikalia. Alisikiliza huku akitikisa kichwa, akamwita Iliasi pembeni. Gari la Mheshimiwa lilikuwa limezama kwenye matope bondeni, upande huu wa Lusangi. Magurudumu yote mawili ya nyuma. Wanakijiji walioko karibu walikuwa wanataka kulipwa kwanza, na Mheshimiwa alikuwa amesema yeye hawezi kulipa watu aliowajengea shule.

"Unajua inaombwa nini," Marcellin akasema. "Vijana na beleshi. Na wewe uwe mbele, akuone."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya chakula tu. Wachimba kaburi walikuwa wamechimba mpaka kifuani, imebaki mwanandani, wakaja kwenye kilio kula wali. Zana za msikiti, beleshi mbili, sururu na karai, wakazisimamisha ukutani chini ya ile bendera. Msikiti wetu hauna nyingine. Kila Muislamu wa mtaa huu amefukiwa na beleshi hizo mbili.

Mzee Djafari alikuwa chumbani, ameketi karibu na mkewe, mlango umefungwa. Alisikia pikipiki tatu zikiwaka, akadhani ni watu wanaokwenda kuleta maji.

Zilikuwa zinakwenda Lusangi. Iliasi alikuwa kwenye ya kwanza, na beleshi begani.

*

Baada ya alasiri wachimba kaburi walikwenda kwenye ukuta, wakarudi, wakaenda tena. Mwishowe mkubwa wao alikuja kwa Mzee akiwa ameinamisha kichwa.

"Muzee, vyombo vyetu haviko. Wanasema Iliasi alienda navyo kutoa gari ya Onorable."

Wazee waliokaa uani tangu asubuhi walitazama miguu yao, kwa sababu kumtazama Mzee Djafari usoni wakati ule kungekuwa kumwongezea. Upande wa mto Lualaba wingu lilikuwa limeshajaa, jeusi, na upepo ukaanza kupiga bendera ukutani.

"Na kaburi?" Mzee akauliza.

"Ilibaki kidogo. Lakini mvua ikinyesha mbele hatujamaliza, itajaa maji. Kesho tutaanza upya mahali pengine."

Kesho. Yaani Safi alale usiku mzima ndani ya sanda, nyumbani, angoje. Mzee Djafari akashika nguzo ya baraza.

Bwana Marcellin naye hakuwa na bahati, au labda alitaka kusaidia. Alikuja mbio na simu mkononi, ameiwekea sauti kubwa ili watu wote wasikie. "Muzee, pole, Onorable mwenyewe anataka kukusemesha."

"Muzee Djafari," sauti ikatoka kwenye simu, nene, yenye huzuni. "Pole sana. Mama Safi alikuwa mama yetu sisi wote. Ninakuomba uningoje. Gari itatoka sasa hivi. Barabara hii imetushinda, Muzee, lakini manda hii tutaitengeneza, ninakuapia."

"Barabara gani hiyo, Onorable?"

"Hii ya Kabambare. Hii ya Lusangi."

"Ile ulikata utepe?"

Simuni tulisikia injini ikivuma, na watu wakihesabu moja, mbili, tatu.

"Mu 2018," Mzee akaendelea, wala hakupaza sauti, "ulikuja na mashine, ukatuambia imekwisha. Safi, bibi yangu, aliichezea ngoma barabara hiyo. Alicheza siku nzima, usiku nikamukanda miguu na maji ya moto. Mashine ikalima kilometa tisa, ikarudi kwao. Sisi tukanyamaza. Sasa unaniambia imekushinda."

"Muzee, mambo ya serikali..."

"Sikuulize serikali. Ukitoka mu matope, karibu, ukuje kutupa pole. Safi anaenda."

Akamrudishia Marcellin simu yake kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka.

Watu wakabaki wamekaa. Kwenda, sawa, lakini kwa zana gani? Basi Mama Régina akainuka barazani, akafunga kitenge chake vizuri.

"Kwangu iko majembe matatu," akasema. "Na ya mukwe wangu mbili. Muende muchukue, mulango hauna funguo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kaburi la Mama Safi lilimalizwa na majembe ya mpunga, na karai ikawa sufuria la kilio. Wakristo wa mtaa walikuja wenyewe, kila mmoja na jembe lake begani, wakasimama nje ya safu wakati Shehe Amisi akiswalisha jeneza, kisha wakafuata. Bwana Marcellin alifuata pia, bila miwani. Jembe hakuwa nalo, akatumia mikono, suti yake ikaharibika, na hilo lazima nilitaje kwa haki yake.

*

Mvua ilianza jeneza likiwa limefika kaburini.

Kwetu mwanamke hupokelewa kaburini na watu wake wa damu au mumewe. Hushuka watatu: mmoja kichwani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni. Mjomba Ayoubu alishuka kwanza, akasimama upande wa kichwa. Mzee Djafari akashushwa kwa kushikwa makwapa, goti lile likimuuma, akasimama katikati. Akatazama upande wa miguu.

"Nishuke, Muzee?" jirani yake Baraka akauliza kutoka juu. Shehe Amisi akasema inafaa, jirani mwaminifu anaruhusiwa pasipokuwa na ndugu.

"Ndugu iko," Mzee akasema. "Pale ni pa Iliasi."

"Lakini Iliasi..."

"Muache hivi."

Wakampokea wazee wawili. Sanda ilipofika mikononi mwao, upande wa miguu ukaning'inia, Mzee ikambidi anyooshe mkono mpaka uso wake ukagusa udongo ili miguu ya mkewe isiburuzike. Pale ndipo alipolia. Watu waliokuwa juu waligeuza nyuso, wakaacha mvua iwaloweshe.

*

Mheshimiwa alifika Magharibi imekwisha kuswaliwa. Gari lilikuwa na matope mpaka kwenye vioo, na nyuma yake pikipiki tatu. Alishuka ameshika leso, akatembea kati ya viti vilivyolowa, akafika mbele ya Mzee Djafari aliyeketi mkekani barazani, akapiga magoti. Alikuwa analia kweli. Mimi nilikuwapo, sitasema uongo: machozi yake yalikuwa machozi.

Na hapo nitasema jambo ambalo watu wa Kinshasa na wa magazeti hawalielewi, wanatuuliza kwa nini tunamrudisha mtu yuleyule. Hatumrudishi kwa ujinga. Shule zake hazina madawati, tunajua, na watoto wetu hawana matrikili. Lakini mtu huyu alitujia kwenye vilio. Baba yako akifa, utamwona amekaa kwenye mkeka wako, anakula wali wako kwa mkono, analijua jina la babu yako. Hao wengine wanaokuja na maneno mapya hatujui hata wanavyokaa chini. Tulimpa kura zetu kwa hilo, mara tatu, na kila mara tulijiambia kwamba mengine yatakuja.

"Muzee, nisamehe," Mheshimiwa akasema.

"Mungu ndiye anasamehe." Mzee Djafari alimshika bega, akamwinua. "Onorable, mimi kitabu sikusoma. Lakini kazi yako moja niliijua, kuzika na sisi. Kwa ile nilikupigia kura mara tatu, na Safi alitembea nyumba kwa nyumba juu yako. Leo hata ile, barabara yako imekunyang'anya. Sasa niambie wewe mwenyewe, tarehe ishirini nitakupa kura juu ya nini?"

Watu wote walingojea jibu. Mheshimiwa aligeuka akatazama gari lake. Mmoja wa wasaidizi wake akaanza kuteremsha mafurushi ya vikwembe. Hakuna mama aliyesimama. Furushi moja likawekwa juu ya kiti kilicholowa, likabaki hapo.

Mheshimiwa akajiweka sawa, akatazama saa. Uwanjani sokoni vipaza sauti vilikuwa vimekwisha kuanza muziki, na watu wa mkutano wa kampeni walikuwa wanamngojea tangu mchana. Akamtafuta Iliasi kwa macho. "Kijana wangu, umefanya kazi ya mwanaume leo. Panda, twende. Nataka ukae karibu na mimi mbele ya watu. Mambo ya dosie yako tutayasema njiani."

Iliasi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza, matope mpaka mapajani, beleshi za msikiti mkononi. Tangu afike hakuwa amemsogelea baba yake. Aliisikia sauti ya Mheshimiwa, akaitikia ndiyo kwa mazoea, akazilaza beleshi chini polepole. Kisha akaona kanzu ya baba yake, jinsi ilivyo na udongo kifuani, na udongo mwingine mashavuni mwa mzee.

"Baba," akasema. "Ulishuka mwenyewe?"

"Nilishuka na mjomba wako."

"Na goti ile?"

"Walinishusha."

Honi ya gari la Mheshimiwa ikapigwa barabarani, mara moja.

"Nani alishika miguu ya mama?"

Mzee Djafari alisogea kidogo kwenye mkeka, akaupangusa kwa kiganja mahali palipokuwa pakavu.

"Hakuna mutu," akasema. "Ilikuwa nafasi yako. Tukaiacha."

Honi ikapigwa tena, mara mbili, ndefu. Iliasi hakugeuka. Akaketi pale palipopanguswa, akaweka kichwa chini kati ya mikono yake, na Chadia akatoka ndani akaketi upande wa pili. Baada ya muda Bwana Marcellin akaja mwenyewe, suti imechafuka, akainama kumwambia kwamba Onorable anamngojea na kwamba ni leo tu, kesho analala Kindu.

Iliasi alimjibu bila kuinua kichwa.

"Prezida, umuambie hivi: niko ku kilio cha mama yangu."